Fukueni Visima vya Baba Zenu

Isaka alirithi visima vilivyojaa udongo. Ibrahimu baba yake alikuwa amevichimba katika nchi ya Gerari, nchi ya ukame na mifugo. Mzee alipofariki, Wafilisti wakavifukia. Hawakuyanywa maji yale, hawakuyauza, hawakunyweshea hata mbuzi. Walifukia tu. Habari hii imo katika sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo, na wasomaji wengi huipita mbio ili wafike kwa Yakobo na Esau, kwenye ugomvi wa urithi, maana ugomvi una utamu wake. Leo, watu wa Singida, nawasihi tusipite. Tusimame kisimani pamoja na Isaka, tuutazame udongo ule, kisha tuulizane: vyetu kavifukia nani?

Msinitajie wageni. Wafilisti wa Singida wana majina ya Singida. Wanaongea Kinyaturu na Kinyiramba, Kinyisanzu na Kisukuma, Kitaturu na Kigogo. Ijumaa wako msikitini, Jumapili wako kanisani, Jumatatu alfajiri wako porini na chenso. Wengine wako ofisini na mhuri. Na wengine, ndugu zangu, wamekaa mstari wa mbele kabisa na wanaitikia amina.

Nendeni mwezi wa Oktoba kwenye korongo lolote la Ikungi, la Mkalama au la Iramba. Mtamkuta mama amepiga magoti mchangani. Mbele yake kuna shimo lenye kina cha kiuno, na chini ya shimo maji meupe ya tope yanachuruzika, kikombe kwa kikombe. Anakomba kwa kata, anamimina kwenye ndoo, anasubiri yajae tena. Mtoto mgongoni amelala. Nyuma yake ndoo zimepangwa foleni, na kila ndoo ina mwenyewe aliyeketi chini ya kivuli cha mgunga pekee uliobaki. Ng'ombe wamezuiwa kwa fimbo wasibomoe shimo. Muulizeni mama yule, shimo hili zamani lilikuwa na kina gani? Atawaonyesha kiwiko chake.

Maji yamekwenda wapi? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mkoa hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Tunasema ni haba. Haya, pigeni hesabu. Milimita 600 zikinyesha juu ya ekari moja ni zaidi ya lita milioni 2. Lita milioni 2 kwenye ekari moja ya mkulima maskini! Mungu hakutunyima. Anatupa kwa haraka, kwa wiki chache, kwa ngurumo, halafu anatuachia kazi ya kupokea. Na sisi tumeivunja mikono ya kupokelea. Penye mti na nyasi, tone hutua, huzama, hukaa ardhini mpaka kiangazi. Penye ardhi tupu iliyokanyagwa na kuchomwa moto, tone hupiga, huteleza, hukimbia na udongo wa shamba lako mpaka korongoni. Kila masika korongo linapanuka, shamba linapungua, kisima kinafukiwa. Hakuna Mfilisti aliyekuja usiku na koleo. Tulifyeka huku juu, tukafukia kule chini.

Msidhani visima virefu vitatuokoa na dhambi hii. Ardhi yetu ya mawe ya matale ina floraidi nyingi sehemu kadhaa, na meno ya watoto wetu yanatoa ushuhuda. Ziwa Singidani na ziwa Kindai yako pale pale mjini, heroe wanatembea humo kwa madaha, lakini maji yake ni ya chumvi; mji unakunywa maji ya visima vya Mwankoko na Irao. Kisima hakina maji yake chenyewe. Kinasubiri kilichozama. Nani anayehakikisha kinazama?

Sasa nataka niseme habari ya hesabu, maana imani isiyojua kuhesabu imetutia hasara kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu milioni 1.37 katika mkoa huu. Sensa ya 2022 ikatukuta milioni 2. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki sita. Mkoa haukuongezeka hata hatua moja: ni kilomita za mraba elfu 49 na ushee, na upande wa kusini kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mtoto ni baraka, na sitasimama hapa kuwahesabia watu vitanda vyao. Ninachosema ni hiki: ukoo ulioongeza watu laki sita bila kuketi kupanga watalima wapi, watachunga wapi, watakata kuni wapi na wasiguse wapi, ukoo huo hautegemei Mungu. Unamjaribu Mungu.

Yusufu hakupandishwa cheo Misri kwa sababu ya ndoto. Ndoto aliota Farao. Yusufu alitoa mpango: miaka saba ya shibe, sehemu ya tano ya mavuno ikawekwe, kila mji na ghala lake. Wazee wetu wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nauliza, daftari la ardhi ya Singida liko wapi? Nani anaweza leo kunionyesha, kijiji kwa kijiji, pori lililobaki, malisho yaliyobaki, chemchemi zilizobaki? Wapo wanaoweza. Ni wachache, na wengi wao makabrasha yao yamefungiwa kabatini.

Tuliwahi kuwa walimu wa nchi hii. Vijana mliozaliwa baada ya 1995, tegeni masikio, maana habari hii hamkufundishwa shuleni. Kaskazini-mashariki mwa wilaya ya Singida kuna msitu wa Mgori, msitu wa miombo wenye hekta zaidi ya elfu 40. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa inajiandaa kuutangaza kuwa hifadhi yake, kwa sababu ulikuwa unaliwa. Uliliwa na wawindaji, wapasua mbao, wachoma moto na wafungua mashamba, wa ndani na wa nje. Ndipo lilipokuja wazo ambalo wakati ule lilikuwa geni nchini, isipokuwa kwa majirani zetu wa Duru-Haitemba huko Babati: msitu waachiwe wenyewe. Vijiji vitano, yaani Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamughanga na Mughunga, kila kimoja kikachukua kipande chake. Vikakubaliana mipaka. Vikatunga sheria ndogo. Vikateua walinzi kutoka miongoni mwa watoto wao, wasio na bunduki wala mshahara wa serikali, wakaingia msituni kulinda.

Mnajua kilichofuata? Mkaidi aliyezoea kumhonga mlinzi mmoja wa wilaya alikuta sasa anatazamwa na kijiji kizima. Mioto ikapungua. Mashamba mapya yakasimama. Wataalamu waliokuwa wakiamini kwamba mwanakijiji ni adui wa msitu wakalazimika kuandika upya waliyokuwa wakiyafundisha. Sera ya Misitu ya 1998, na baadaye Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002, ambayo leo inakipa kijiji popote Tanzania Bara haki ya kuwa na msitu wake, zilijifunza kutoka Mgori na Duru-Haitemba. Narudia, ili aliyesinzia aamke: sheria ya taifa ilijifunza kwa wakulima wa uwele wa Singida!

Na leo? Leo Mgori unalia. Mkaa umetoka humo, jembe limeingia humo. Sitataja mtu, na sijaja kuwahukumu wazee wa vijiji vile vitano, ambao walifanya kazi ambayo wengi wetu hatukuthubutu. Nataka tuukubali ukweli mmoja mchungu. Kulinda kunachosha. Mwaka wa kwanza wa ulinzi una ngoma, wageni na magari ya miradi. Mwaka wa ishirini hauna hata mtu wa kumpa mlinzi maji ya kunywa. Mzee aliyekula kiapo amezeeka, mwanawe hakula kiapo, bei ya gunia la mkaa imepanda, na kwenye mkutano hakuna anayeuliza tena. Hapo ndipo msitu unapokufa, wakati sheria ndogo bado zimo kwenye faili na mhuri wake.

Kwa hiyo toba yetu isianzie kwenye kupanda miti. Mmeshtuka? Msishtuke. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na agizo ni jema. Lakini nani amekwenda kuhesabu iliyo hai? Tunalijua zoezi lenyewe. Mgeni rasmi anashika koleo lililofungwa utepe, kamera zinamulika, mche unasimamishwa shimoni, hotuba, makofi, soda. Msafara unaondoka. Mbuzi anafika kabla ya magharibi. Mwakani shimo ni lile lile, mgeni rasmi ni mwingine. Ndugu zangu, Mungu hahesabu mashimo.

Ndugu zangu Waislamu mnayo mafundisho ya Mtume kwamba mwenye mche mkononi, hata kama Kiyama kinasimama, aupande. Na mnafundishwa kwamba maji ya udhu yasifanyiwe israfu hata kando ya mto unaotiririka. Mafundisho makubwa hayo. Aliyepewa mche ameamriwa aupande kwa moyo wa mtu anayetarajia matunda, hata kama matunda hatayaona. Hakuamriwa apigwe picha.

Basi pandeni, ila kwanza acheni kuua. Na baada ya kuacha kuua, tazameni chini. Nenda kwenye shamba lako la mtama mavuno yakishaisha. Utaona vichaka vifupi, urefu wa goti, vile ambavyo kila mwaka unavifyeka na kila mwaka vinarudi kukukera. Umewahi kujiuliza vinarudi kwa nguvu gani? Chini yake kuna kisiki, na chini ya kisiki kuna mzizi wa mgunga, wa mtundu, wa mninga, uliokwenda chini kabla babu yako hajahamia hapo. Mche wa kitalu unakuja na mzizi wa urefu wa kiganja na unakuomba maji. Kisiki hakikuombi kitu. Kinakuomba uache panga.

Ayubu, akiwa ameketi majivuni, aliuonea wivu mti uliokatwa, kwa kuwa mti ule ukiyasikia maji tu huanza upya. Wagogo, majirani zetu wa Dodoma, wamelifanyia kazi neno hilo. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa, pamoja na Justdiggit la Uholanzi, wamekuwa wakifundisha vijijini kazi inayoitwa Kisiki Hai. Haina fedha wala siri. Unachagua kisiki chenye machipukizi mengi. Unaacha machipukizi machache, manne au matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata. Yale uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini kwa kisu kikali, kwa kuelekea juu ili gome lisichanike. Unafunga kitambaa kwenye shina, ili mchungaji na mkata kuni wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Kisha unalinda, na kila mwaka unarudi kupogolea. Matawi uliyokata ndiyo kuni zako. Basi. Hakuna kitalu, hakuna lori la miche, hakuna mgeni rasmi.

Mtu asiniambie haiwezekani kwenye ukame wetu. Huko Niger, nchi kavu kuliko Singida, katika eneo la Maradi, mmisionari mmoja wa Australia aitwaye Tony Rinaudo alihangaika kupanda miti iliyokuwa inamfia. Mwaka 1983 akatambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita njiani ni msitu uliolala ardhini. Akawaeleza wakulima. Wakulima wakaelezana wao kwa wao. Ikafika hekta milioni 5 za mashamba yenye miti, na karibu miti yote haikupandwa na mtu. Milioni 5! Mkoa wetu wote, na mawe yake na maziwa yake na mapori yake ya akiba, hautimizi hekta hizo.

Hapa nina neno na wenzangu tunaosimama madhabahuni na mimbarini. Jengo jipya la ibada tunalichangia kwa harambee, tunalijenga kwa tofali za kuchoma. Tanuru moja linakula miti mingapi? Tumeteketeza msitu wa Mungu ili tumjengee Mungu nyumba, halafu ndani ya nyumba hiyo tunaomba mvua. Tofali za kufyatua kwa saruji kidogo na udongo, zisizochomwa, zipo. Kamati ya ujenzi isiyozijua ikajifunze. Na shule zetu, hospitali zetu, seminari zetu: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa na serikali ziachane na kuni na mkaa. Je, sisi tunaohubiri utii tumetii? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka ifikapo 2034 Watanzania 80 kati ya 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Najua bei ya kujaza mtungi huko Sepuka au Nduguti si ya mchezo. Kwa mama wa huko anza na jiko banifu, linalokula nusu ya kuni za mafiga matatu, ila usimwambie asubiri 2034.

Halafu huu upepo! Unatupasua midomo kuanzia Juni, unapeperusha mabati na udongo, na tumekuwa tukiulaani kizazi kwa kizazi. Wapimaji wameutaja upepo wa Kititimo, hapo nje ya mji, kuwa miongoni mwa ule ulio bora Tanzania kwa kuzalisha umeme. Miradi imeandikwa, ikatangazwa, ikaandikwa tena, kwa zaidi ya muongo mmoja. Nyaya za kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga zimepita juu ya vichwa vyetu tangu 2016. Njia ya kubeba umeme ipo, upepo upo. Wabunge wetu, mnapokwenda Dodoma msirudi na salamu tu.

Niingie Manyoni na Itigi, maana huko kuna hazina ambayo mwenyewe haijui. Vichaka vya Itigi mgeni huviita pori la hovyo: vijiti vya mita tatu hadi tano, vimeshonana hata mbwa anapita kwa taabu, vinapukutisha majani kiangazi na kubaki vikijivu. Lakini vichaka vya namna hiyo, wataalamu wa mimea wanasema, viko hapa kwetu na kaskazini mwa Zambia. Vimeumbwa kwa ajili ya mchanga huo na ukame huo. Na asali ya Itigi inayosifiwa hadi Dar es Salaam hutoka kwenye maua yake na ya miombo jirani. Tunavifyeka kwa kuwa havikuonekana kuwa msitu.

Kabla tingatinga la kufyeka vichaka hivi halijawashwa, mtu aende Kongwa akajifunze. Si mbali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na mpango wa karanga, fedha chungu nzima, matrekta yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita. Waling'oa vichaka wakidhani wameshinda. Walichokuta chini ni udongo ambao mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu hata jembe la chuma haliingii. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni zaidi ya milioni 36 zikapotea, na walipa kodi wa Uingereza wakalipia. Sisi tukifanya la namna hiyo hakuna Mwingereza wa kutulipia. Sipingi mashamba ya korosho ya Manyoni. Mkorosho ni mti, una kivuli, una tunda. Nauliza swali la mpangaji: katika kila kitalu cha shamba, ukanda gani wa kichaka umeachwa, nani ameuchora kwenye ramani, na nani atazuia usiuzwe?

Na ninyi wakulima wa alizeti, swali hilo ni lenu pia. Mwaka 2021 serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kipaumbele kwa zao hilo, na viwanda vyetu vya kukamua vinalia njaa ya mbegu. Kwa hiyo tunafyeka tupate shamba. Lakini ua la alizeti linamngoja nyuki, na nyuki anakaa msituni. Ukichoma msitu upate shamba umemfukuza kibarua asiyedai mshahara, kisha unashangaa vichwa vya alizeti vina mapengo. Nawe mlina asali unayebandua gome la mtundu utengeneze mzinga, unaua mti ili kumjengea nyuki nyumba. Mzinga wa mbao mmoja utarithiwa na mwanao.

Sasa mifugo. Hapa ndipo sauti hupanda na marungu huinuliwa, basi nisikilizeni kwa utulivu. Isaka alipochimba kisima cha kwanza, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yetu. Akakiacha. Akachimba cha pili, wakagombana tena. Akasogea, akachimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigombania, kwa sababu palikuwa na nafasi. Sisi nafasi ya kusogea imekwisha. Msukuma akisogea kutoka bonde la Wembere anamkuta Mnyiramba, Mtaturu akisogea kutoka Mkalama anamkuta Mhadzabe, ambaye ametumia pori lile enzi na enzi bila kulikausha na ambaye hakuulizwa na mtu. Pasipo na nafasi ya kukimbiana, kuna kupangana au kuna kuuana. Sijui njia ya tatu.

Na kupangana si ndoto. Shinyanga ilikuwa imeitwa jangwa. Misitu yake ilifyekwa tangu enzi za wakoloni kwa sababu ya mbung'o, ikamaliziwa na pamba na ng'ombe. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakarudia desturi yao ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa masika, kinafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Zilianza ngitili za hekta mia sita hivi zilizojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta laki tatu. Na ng'ombe wakabaki Shinyanga, hawakufukuzwa. Wazee wa Kinyaturu nao walijua namna yao: shamba la uwele linaloizunguka nyumba lilipata samadi mwaka baada ya mwaka, na ng'ombe na jembe walikuwa ndugu. Na huko bonde la Yaeda, Mbulu, Wahadzabe walipata hati miliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Pori likawa na mwenyewe kisheria, na biashara ya hewa ukaa ikaanza kuleta fedha za kijiji kwa kutokata. Kwanza mpaka, kwanza hati, kwanza makubaliano. Fedha zikaja nyuma.

Bonde la Wembere haliangalii mpaka wa mkoa. Maji yake yanaingia ziwa Kitangiri, yanatoka kwa mto Sibiti hadi Eyasi, yakigusa Tabora, Singida na Simiyu. Singida ikilinda na Igunga ikifyeka, samaki wa Kitangiri watakufa kwa tope la watu wote. Kwa hiyo kamati ya ushauri ya mkoa inapoketi, iwaite majirani. Na tunapoitafsiri Dira ya Taifa ya 2050 iliyozinduliwa mwaka 2025, isiwe barabara na minara peke yake. Bonde lipewe ukurasa wake.

Lakini msiwasubiri wakubwa. Silaha iliyo mkononi mwenu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano huo sauti ya mwisho juu ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Mwenyekiti hana haki ya kugawa pori kwa karatasi aliyoiandikia nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kijiji kiwe na kamati ya mazingira, na inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Singidani na Kindai, mnasikia?

Basi mkutano ujao nendeni. Akina mama, nendeni ninyi kwanza, kwa sababu shimo la korongoni ni lenu na kimya chenu kimewanufaisha wengine. Msikae nyuma. Simama, taja jina lako, uliza: mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji hiki ulipitishwa mwaka gani? Ardhi ya akiba ni ipi, na ekari ngapi zimegawiwa tangu hapo, kwa nani? Njia ya mifugo inapita wapi? Kamati ya mazingira ni akina nani, wasimame tuwaone. Faini za mwaka jana zimeandikwa kitabu gani, na kitabu kiko wapi? Vijana, ulizeni kisiki hai kitafundishwa lini, kitongoji gani kianze, na mbuzi watafungwa miezi mingapi. Wazee, msiseme mambo haya ni ya wasomi. Mipaka ya zamani mnaikumbuka ninyi, na msipoitaja mwaka huu mtaondoka nayo.

Mkitaka kuiona ramani mkaambiwa iko wilayani, msipige kelele na msiende nyumbani. Changeni nauli hapo hapo, mtumeni mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke wakailete, na mwambieni mwenyekiti kwa heshima zote kwamba mkutano umeahirishwa mpaka watakaporudi nayo.